Ukikumbuka Fegi, Uliza "Halafu?"

Haya ni mazungumzo tuliyokaa na vijana wetu baina ya Maghrib na Isha, mwezi wa Shawwal, wiki chache baada ya Idd. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na tumeyaacha karibu na yalivyosemwa.



Sogeeni mbele, msikae kama watu wanaopanga kutoroka. Najua kuna walioambiwa kuna kahawa. Kahawa ipo, lakini mwisho.

Leo sijaja na picha za mapafu. Picha hizo ziko kwenye pakiti yenyewe, na mtu huzitazama huku anatafuta kibiriti. Wala sitaingia kwenye mjadala wa haramu na makruhu. Mashekhe wetu wameshalisema, na hapa hakuna asiyejua shekhe wake anasema nini. Mimi kwenye kazi hii ya kukaa na vijana sijaona mtu aliyerudia fegi kwa sababu alisahau kwamba ni mbaya. Wanarudi kwa sababu wamekumbuka kitu. Wamekumbuka ilivyokuwa tamu.

Kwa hivyo nazungumza na wewe uliyeacha. Uliyeacha usiku wa kwanza wa Ramadhan ukasema safari hii basi, na sasa una wiki kadhaa. Au uliyeacha mwaka jana na bado siku nyingine ukipita maskani roho inakuruka. Na nazungumza na wewe ambaye hujawahi kuvuta, lakini una rafiki aliyeacha, na hujui umwambie nini zaidi ya "jikaze bro". Jikaze haisaidii. Nitawaambia kwa nini.

Mtu akiacha sigara, mwili wake unapigana vita vifupi. Nikotini haikai sana mwilini. Baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu, na ndani ya siku chache imekwisha. Zile hasira za ovyo, kichwa kuuma, kukosa usingizi, kula kama uliyetoka jela, zinakuwa kali wiki ya kwanza, na kwa wengi zinatulia ndani ya wiki mbili mpaka nne. Kwa hivyo ukiwa na miezi miwili hujavuta, halafu siku moja unasikia kiu ya fegi mpaka mate yanajaa mdomoni, jiulize: ni nani anayeomba? Nikotini yenyewe imeshatoka zamani. Anayeomba ni kumbukumbu.

Na kumbukumbu ni msimulizi hodari, lakini si mkweli. Inachagua. Mwaona watu wanavyozungumzia bweni la shule: walilala na kunguni, walikula maharagwe yenye wadudu, walichapwa, na leo wanakumbuka vicheko tu. Ndivyo binadamu alivyoumbwa, machungu yanafifia haraka kuliko matamu. Ni rehema pia, manake bila hivyo tungeishi vipi. Lakini kwenye sigara tabia hiyo hiyo ndiyo inayokuingiza shimoni.

Chukueni mfano ambao nyote hapa mnaujua, hata msiovuta. Fegi ya baada ya kufuturu.

Mkimuuliza mvutaji yeyote wa mji huu ni fegi gani tamu kuliko zote duniani, atakwambia ni ile. Adhana ya Maghrib, tende, maji, sala, halafu nje kwenye ukuta. Ile pafu ya kwanza, kichwa kinazunguka, magoti yanalegea, mtu anashika ukuta. Wanaisimulia kama wanavyosimulia bao la fainali. Kuna kijana aliniambia, wallahi, anaweza kuishi bila fegi mwaka mzima, lakini ile ya magharibi ya Ramadhan hawezi kuiacha.

Haya, tuitazame vizuri. Mtu huyu amekaa tangu alfajiri bila kuvuta. Hapa Mombasa ni saa kumi na tatu na ushei. Mchana kutwa mwili wake ulikuwa ukidai. Alikuwa mkali kwa watoto. Alimjibu vibaya mamake saa tisa, akasema ni saumu. Saumu imesingiziwa mambo mengi sana katika nyumba zetu! Wasiovuta pia wamefunga na hawatukani makanga. Halafu magharibi anavuta. Nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde kama kumi hivi, dai linalipwa, na anasikia raha. Sasa raha hiyo ni ya nini?

Umepanda matatu imejaa mpaka mlangoni. Mtu amekukanyaga kidole cha mguu, na hana mahali pa kusogea. Umevumilia kutoka Likoni mpaka Ukunda. Anaposhuka, kidole kinapumua, na wewe unasikia raha ambayo hukuwahi kuisikia kwenye kidole hicho. Je, utamwita arudi akukanyage tena ili kesho uisikie raha ile? Fegi ya magharibi ni hiyo. Aliyekukanyaga mchana kutwa na aliyeinua mguu jioni ni mtu mmoja. Jirani yako asiyevuta alikunywa maji ya magharibi akaridhika, hakuhitaji kushika ukuta.

Sisemi raha ile haikuwapo. Nikisema hivyo mtanicheka, na mtakuwa na haki. Ilikuwapo. Nasema ukiikumbuka, ikumbuke yote, kuanzia saa tisa ile ulipomjibu mamako.

Hapo ndipo kikundi chetu kilipopata neno lake. Hatukulipata kwa mtaalamu, lilitokea tu barazani. Mmoja alikuwa anasimulia kwa hamu fegi moja aliyovuta ufuoni, usiku, mawimbi, mbalamwezi, marafiki, yaani filamu nzima. Alipomaliza watu wote walinyamaza, na mwaona wazi kwamba wanne pale wameshaanza kumeza mate. Mdogo wetu mmoja, mtoto mtundu sana, akauliza: "Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu ikawaje? Ulipomaliza."

Jamaa akafikiri. Akasema: "Halafu nikawasha nyingine." Halafu? "Halafu zikaisha." Halafu? Halafu saa nane za usiku akatembea mpaka barabarani kutafuta duka lililo wazi, hakupata, akarudi, akaokota vipisi kwenye mchanga kwa tochi ya simu. Mbalamwezi ilikuwa ile ile. Tulicheka mpaka tukatokwa na machozi, yeye kuliko sote. Na ile kiu iliyokuwa imeingia barazani ikatoka, sijui ilipita wapi.

Tangu siku hiyo neno letu ni hilo. Huhubiri, humkumbushi mtu saratani. Mtu akianza kusimulia fegi tamu, unamuuliza "Halafu?" na unamwacha aendelee mwenyewe. Hadithi ya fegi ikikatwa mahali pake pazuri ni tamu. Ikiendelea mpaka mwisho, haiwezi kujificha.

Mwengine alikwenda mbali zaidi. Yeye alikuwa anavuta kwa deni. Alimwomba mwenye duka amwonyeshe daftari la deni la mwaka uliopita. Kumbukumbu yake ilikuwa inamwambia alivuta na marafiki, kwenye raha, kwenye mechi, harusini. Daftari lilikuwa na habari nyingine. Kijiti kimoja asubuhi, kabla duka halijafunguliwa vizuri. Kimoja saa nne. Viwili siku ya mvua. Siku baada ya siku, peke yake, amesimama kando ya duka kama mtu anayemeza dawa. Alihesabu zile anazozikumbuka kwa utamu, hazikufika kumi mwaka mzima. Zilizobaki, mamia na mamia, hakumbuki hata moja. Alizilipia na hakumbuki! Fanyeni hesabu yenu wenyewe: tuseme kijiti ni shilingi 20, na wewe ni wa vijiti vitano tu kwa siku. Ni shilingi 36,500 kwa mwaka. Kumi kati ya hizo fegi unazisimulia. Elfu moja mia nane na kumi na tano hazina hadithi.

Sasa niwaambie jambo zito kidogo, manake nisingependa mtoke hapa mkidhani kila kumbukumbu inaondoka kwa kicheko.

Kuna kijana kwenye kikundi, ameniruhusu nilisimulie bila kumtaja. Yeye alikuwa kimya wiki nyingi. Siku moja akasema: mimi nikivuta namsikia baba. Babake alikuwa mtu wa kikoi na redio, akikaa mlangoni kila usiku baada ya Isha, anavuta, na mtoto anakaa ngazi ya chini yake wanasikiliza habari. Harufu ya sigara na sabuni ya kufulia kwenye kikoi. Mzee ameshatangulia mbele ya haki. Kijana akasema, nyinyi mnaniambia nikumbuke vipisi na daftari, lakini mimi sina kumbukumbu mbaya. Nina baba tu.

Hakuna aliyethubutu kusema "halafu". Hata yule mtundu alitazama chini. Tulikaa kimya muda mrefu, na mwisho mkubwa wetu pale, mtu aliyezika wazazi wote wawili, akamuuliza polepole: "Halafu baba akawaje?"

Akatusimulia. Miaka miwili ya mwisho mzee hakuweza kupanda ngazi ya nyumbani bila kusimama mara tatu. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Mamake alificha pesa ili asinunue. Na mzee alikuwa akimtuma yeye, mtoto wa darasa la sita, dukani, kimoja tu, na usimwambie mamako. Alikwenda. Alikuwa anafurahi kutumwa, manake ilikuwa siri yao wawili. Hapo sauti ilikatika, na sote tukaangalia pembeni kumpa nafasi.

Hatukumwambia amsahau baba pale mlangoni. Nani ana haki hiyo? Yale ya mlangoni ni kweli. Lakini mkubwa wetu alimwambia hivi: kilichokuwa kitamu pale ni mzee kukaa na wewe. Moshi ulikuwapo tu, kama redio ilivyokuwapo, na kati ya vitu viwili hivyo mmoja ndio uliomwondoa. Sasa kijana anakaa mlangoni pale pale baada ya Isha na ile redio ya mzee. Amemwombea dua pale mara nyingi kuliko makaburini. Bado hajavuta. Wala sisemi imekwisha, yeye mwenyewe asema usiku wa Idd ulikuwa mgumu mno.

Nimewaambia haya kwa sababu wengi wetu tunadhani kumbukumbu ya fegi ni yetu wenyewe. Nyingine ni za wazee wetu, na lazima tuzishughulikie kwa heshima. Nyingine si zetu kabisa, zimetengenezwa ofisini na watu waliokuwa wanalipwa.

Mwajua Marlboro, yule mpanda farasi wa Kimarekani na kofia yake. Sigara ile ilipotoka miaka ya 1920 ilitangazwa kwa wanawake, kama sigara laini. Haikuuzika sana. Miaka ya 1950 wenye tangazo wakabadilisha, wakamleta dume la farasi, jangwa na machweo ya jua. Tumbaku haikumgeuza mtu kuwa dume. Ni uamuzi wa biashara. Na wale waliopigwa picha wakiwa dume hilo? Wayne McLaren alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1992. David McLean, saratani ya mapafu, 1995. Eric Lawson, ugonjwa wa mapafu kuziba, 2014. Hiyo ndiyo "halafu" ya lile tangazo.

Huko nyuma zaidi, mwaka 1929, mjini New York, bwana mmoja anayeitwa Edward Bernays, aliyekuwa akilipwa na kampuni ya tumbaku, aliwapanga wasichana watembee barabarani kwenye gwaride la Pasaka wakivuta hadharani, na sigara zikapewa jina la mienge ya uhuru. Uhuru! Sisi ambao tunajua uhuru unavyotafutwa, tunajua watu walivyolala vituo vya polisi kwa ajili yake, tunaambiwa uko kwenye karatasi yenye tumbaku. Na hapa kwetu kuna sigara inayoitwa Sportsman, mwanamichezo. Nionyesheni mchezaji mmoja wa timu ya mtaa anayemaliza dakika tisini na pakiti kwa siku.

Tangu ile Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, matangazo ya sigara yamepigwa marufuku nchini. Wengi wenu hamjaona tangazo hata moja kwenye televisheni yetu. Lakini picha haikuondoka, iko kwenye filamu na video za muziki, na iko kwenye lile pozi la rafiki yako anapoinamisha kichwa kuwasha, mkono umekinga upepo. Alilitoa wapi pozi lile? Hakuzaliwa nalo.

Kuna kumbukumbu nyingine inayopendwa sana na vijana: "Fegi ilikuwa inanipunguzia mawazo." Hii nataka tuisimamie, kwa sababu mawazo tunayo kweli. Kazi hakuna, kodi ya nyumba inadaiwa, polisi wanakusimamisha kwa sura tu. Mtu akisema fegi ilimtuliza, simbishii kwamba alitulia. Nambishia sababu. Mvutaji ana mawazo yake ya maisha, halafu juu yake ana mawazo ya pili ya kukosa nikotini, kila baada ya saa moja au mbili. Anapovuta, yale ya pili yanaondoka kwa muda, naye anadhani ni yale ya kwanza. Kodi bado inadaiwa. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za watu walioacha na ambao hawakuacha. Walioacha ndio walioonekana kupungukiwa na wasiwasi, huzuni na msongo wa mawazo. Kwa hivyo ukijisikia unasema "nilikuwa mtulivu zaidi zamani", mwulize aliyekuwa akiishi na wewe. Mwulize dadako. Waulize wenzako wa kazini ulivyokuwa pakiti ikiisha.

Muguka nao siwezi kuupita. Wengi wanaorudia fegi mji huu wanarudia kwenye kikao cha muguka. Fegi na muguka wameoana, mmoja akiingia anamwita mwenzake. Ukijiambia utatafuna tu na hutavuta, unaingia kwenye chumba ambacho kila kitu kinakukumbusha. Sitawatajia orodha ya vikao vya kukwepa, nyinyi mnavijua. Lakini kwa mwezi wa pili na wa tatu, kaa mbali na kikao hicho hata kama utaonekana unaringa.

Na dada zangu, nawaona mmenyamaza kama haya ni ya kina kaka. Shisha je? Tena shisha ndiyo yenye kumbukumbu tamu kupita kiasi: matunda, mito, taa za rangi, picha za siku ya kuzaliwa ya rafiki. Shirika la Afya Duniani linasema kikao cha saa moja cha shisha kinaweza kukuingizia moshi mara 100 mpaka 200 ya ujazo wa moshi wa sigara moja. Moshi hupoa kwa kupita majini, lakini sumu yake inabaki. Kwenye ile picha ya siku ya kuzaliwa, kata shisha, bakisha rafiki. Uzuri wa siku ile ulikuwa ni nani? Dada wana kikundi chao, wanakutana kivyao, na kwa kweli wanashikana kuliko sisi. Wao wana mzigo wa ziada, kwamba mwanamke akisema "nilikuwa navuta" anahukumiwa mara mbili. Basi wanaficha, na kinachofichwa hakiulizwi "halafu".

Sasa tufanyeje. Nitasema haraka, manake muda unakwenda.

Usipigane na kumbukumbu peke yako usiku. Ile kiu ikija haikai, ni dakika chache tu, mara nyingi hazifiki kumi, ingawa ukiwa ndani yake waona kama mwaka. Kwa hivyo unahitaji mtu wa dakika kumi. Kwenye grupu letu la WhatsApp mtu anaandika neno moja tu, "imekuja". Wa kwanza kuliona anapiga simu. Haandiki, anapiga. Anauliza: unakumbuka ipi? Halafu? Mkimaliza mnaongea mpira. Hakuna kuhubiriana kwenye simu hiyo, wala kutumiana picha za wagonjwa, wala kusema "nilijua tu wewe hutaweza". Aliyesema hivyo mara moja tulimwomba akae pembeni mwezi mmoja.

Mwenye duka pia mfanye mwenzako. Sheria ile ile ya 2007 inakataza kuuza kijiti kimoja kimoja, na inakataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 18. Hali ilivyo madukani sote tunaiona. Lakini yule muuza duka wa mtaani anakujua kwa jina la babako. Mwambie: nimeacha, nikija nikiomba usinipe, hata nikikasirika. Wawili watatu wetu wamefanya hivyo, na mwenye duka mmoja amekuwa mkali kuliko shekhe. Marafiki wanaovuta usiwakimbie, ni ndugu zako, lakini waambie wasikukaribishe, na ukae upande ambao upepo unatoka.

Na aliye na hali ngumu kweli, aliyekuwa akivuta pakiti kwa siku, asione aibu ya dawa. Kuna vibandiko na chingamu za nikotini, Shirika la Afya Duniani lilizitia kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu 2009. Muone daktari au mfamasia akueleze kipimo, usijipimie. NACADA wana simu ya bure, 1192. Hivi vijifuko vya nikotini mnavyouziana vya kuweka kwenye fizi ni mambo mengine, hivyo ni mlango wa nyuma wa nyumba ile ile.

Bado nina neno kwa aliyeteleza. Najua wapo hapa, tena kuna mtu amekaa karibu na mlango. Ukiwa umevuta juzi, usitoke kwenye grupu. Wengi wanaoonja moja hurudi zote, na hurudi kwa sababu wanaona haya kusema, basi wanakaa peke yao na kumbukumbu mpya ambayo bado haijaulizwa. Njoo uisimulie ikiwa moto. Ilikuwa tamu kama ulivyoikumbuka? Wote waliotusimulia mpaka sasa wamesema jambo moja: ilikuwa na ladha ya masizi, kichwa kikauma, na waliendelea kuivuta wakingoja ile ya zamani ifike. Haikufika. Hiyo ni habari muhimu sana kwa mwenzako ambaye kesho usiku atakuwa anakumbuka. Wewe ndiye uliyekwenda kuangalia, umerudi na ripoti.

Basi. Toeni simu zenu. Kila mmoja amgeukie aliye kuliani kwake, muandikishane namba, na usiandike "bro wa msikitini", andika jina. Wasiovuta pia, tena nyinyi hasa, manake nyinyi mnalala mapema na mnaamka mkipigiwa. Mkimaliza, mwambie mwenzako fegi moja unayoikumbuka sana, moja tu, naye ajue la kuuliza.

Isha bado dakika ishirini. Tukitoka, mzee wa kahawa yuko nje na deli lake na kashata, ameshalipwa. Najua kwa wengine wenu kahawa tungu bila fegi ndio mtihani wenyewe, kwa hivyo leo tutainywa tumesimama pamoja, hakuna kuondoka na kikombe kwenda kando ya ukuta.